Pomboo Watasubiri, Kwanza Mpigane

Juzi asubuhi wafanyakazi wa manispaa walikuwa wakipogoa mitende ya barabarani, na mimi nimo garini nasubiri taa. Kuti moja likaanguka juu ya lami. Mlio wake ulikuwa mkavu, tah!, na bega langu likaruka lenyewe kabla sijajua limeruka kwa nini. Taa ikawa kijani, walio nyuma wakanipigia honi na kunitukania wazee wangu, na mimi nimeshika usukani nawaza uani kwetu Bawshar, mwaka ule tuliopanga kwenda kuwaona pomboo.

Nakuambieni mapema msije mkanilaumu: pomboo wenyewe mtawaona, lakini kidogo. Habari hii ni ya nyumba ambayo watu wake walipendana sana na kupigana sana, na mimi nilikulia humo nikidhani nyumba zote za Maskati ziko hivyo.

Baba yangu, Salim, alikuwa mtu wa wizarani. Nje alikuwa na kanzu iliyopigwa pasi mpaka mikunjo inakata, kofia ya kushonwa kwa mkono, na sauti ya upole ambayo majirani waliisifu. Ndani mkono wake ulikuwa mwepesi. Kibao chake kilifika kabla ya swali. Mdogo wake, Ami Seif, alikuwa na gereji Wadi Kabir, na yeye hakupiga watu, alipiga vitu: boneti, kuta, milango. Mlango wa jikoni kwao ulikuwa na tundu la ngumi, na binti yake, Nasra, alilifunika kwa kalenda ili wageni wasiulize. Nasra tulilingana umri, miaka kumi, na mama yake alishaachika zamani akaolewa Sohar. Kila Ijumaa Ami Seif alimleta kwetu, na Ijumaa hiyo ndiyo iliyokuwa wiki yangu nzima.

Bibi, mama yao, aliishi na sisi. Alizaliwa Makunduchi, kusini ya Unguja, akaolewa na Mwarabu mwenye duka hapo hapo kijijini, na wanawe wote wawili kawazaa huko. Maskati alikuja mtu mzima, yeye na Ami Seif, miaka mingi baada ya Baba, na Kiarabu chake kilikuwa cha salamu na cha sokoni tu. Macho yalikuwa yameingia mtoto wa jicho, akawa anaona vivuli. Masikio lakini, Mungu ampe rehema, yalikuwa yanasikia mpaka sukari ikimiminwa.

Safari ilianza na picha. Mwalimu mwenzake Mama alikuwa ametoka likizo katika mji mmoja wa mahoteli ya pwani, ng'ambo ya mpaka, Emarati. Kwenye picha pomboo wawili wamesimama juu ya maji kwa mikia yao, na mwingine anapita katikati ya duara. Mimi na Nasra tuliishika picha ile mpaka ikajaa alama za vidole vya mafuta. Tulipomsimulia Bibi, alicheka mpaka ushungi ukamwanguka.

"Pomboo? Kwetu mtu anawaona akenda pwani kuosha sufuria! Sasa ndo tuvuke mpaka, tugongewe mapasi, tukamtazame pomboo kafungiwa birikani?"

Mama akasema hata hapa Sidab wapo wavuvi wanaowapeleka wageni kuwaona baharini. Tukapiga kelele kama tumechomwa. Wa baharini hawarushi mpira! Wa baharini hawapungi mkono! Na Baba, ajabu ya Mungu, akasema haya, tutakwenda, wote pamoja, kwa gari la Ami Seif kwa sababu lilikuwa na safu tatu za viti.

Ijumaa iliyofuata, baada ya swala na wali wa samaki, wakakaa sebuleni kupanga. Harufu ya ndimu na pilipili ya kukaanga ilikuwa bado mikononi mwetu. Ami Seif alisema tuondoke baada ya Alfajiri, kabla jua halijaichemsha barabara. Baba akasema watoto wanywe chai kwanza. Hilo tu, wallahi. Alfajiri au chai.

"Tutaondoka nikisema mimi," Baba akasema.

"Ndiyo," Ami Seif akajibu, taratibu sana. "Kuondoka unakujua wewe. Unaondoka unavyotaka, na anayebaki nyuma shauri yake."

Baba aliinua chupa ya chai akaivurumisha. Ilimpita Ami Seif sikioni, ikagonga ukuta, na chai ya maziwa ikateremka mpaka chini. Ami Seif akamkaba kanzu kifuani mpaka mshono ukalia. Mama akawa anavuta huku, Bibi anaita majina yao kutoka kwenye mkeka wake, na Nasra amenishika mkono kwa kucha. Kisha Ami Seif akamwachia, akamchukua binti yake, wakatoka. Geti lilivyobamizwa, kunguru wa jirani waliruka.

Hawakusemezana tena. Ramadhani ikaingia ikatoka. Siku ya Idi, Ami Seif alikuja kumbusu mama yake mkono wakati Baba yuko msikitini, na Baba alikaa kibarazani kwa jirani mpaka gari lile liondoke. Nasra sikumwona. Yeye anasoma Wadi Kabir, mimi nasoma Bawshar, na baina yetu magari matupu. Nikawa nalilia pomboo asubuhi na jioni, lakini nakuambieni kweli, pomboo nilikuwa nishawasahau. Nilimtaka Nasra. Kwetu mtoto haulizwi anataka nini, na safari ile ndiyo njia pekee niliyoiona ya kuwatia wale watu wawili ndani ya gari moja.

Siku moja nikaililia mbele ya Baba naye ametoka kazini na njaa. Kibao kilinipata shavuni nikaenda kugonga mdomo kwenye mlango wa friji. Damu ikanijaa ulimi, ina ladha ya sarafu. Bibi alikuwa chumbani kwake, mlango umefungwa.

"Salim!" akaita. "Kibao hicho si cha mtoto huyo. Kina mwenyewe, na mwenyewe yuko Wadi Kabir. Mwite."

Mtu hakatai akiitwa na mama yake. Ami Seif alikuja jioni ile ile, na Nasra nyuma yake. Wakakaa kila mtu na pembe yake, wanatazama zulia. Bibi akawaambia kwamba kwao Makunduchi, mwaka ukipinduka, wanaume wa pande mbili za mji huingia kiwanjani na mabua ya migomba, wakapigana. Mwenye kinyongo na mwenzake anakitoa hapo mbele ya watu. Wanawake wanawazunguka wanaimba, na nyimbo zenyewe matusi matupu. Wakishachoka, khalas, hakuna tena wa kumnunia mwenziwe, watu wanakwenda kula.

"Nyie mtapigana," akasema. "Halafu ndo tutakwenda kwa hao pomboo wenu. Mie sipandi gari la watu walionuniana. Litapinduka."

Baba akacheka kwa pua. "Mama, watu wazima hawa. Siye Waomani, tuna heshima zetu. Jirani akituona?"

"Muomani wa wapi we? Kitovu chako nimekizika mwenyewe, na nnapajua nilipokizika." Akageukia upande wa kivuli cha pili. "Na we Seif, usicheke. Asiyetaka kupigana asinipe mkono wa Idi mpaka nife. Pomboo watasubiri. Kwanza mpigane."

Mama, ambaye kwao ni watu wa mjini na mambo ya Makunduchi aliyasikia tu, alininong'oneza kwamba ndugu wakigombana chukua jembe ukalime, akaingia zake jikoni. Mimi na Nasra tulikumbatiana kwa furaha. Kupigana kulikuwa jambo la kila siku. Kupigana ili tupatane lilikuwa jambo jipya, na zuri kuliko yote tuliyowahi kusikia.

Alkhamisi, baada ya Alasiri, geti likafungwa kwa komeo. Mama aliambiwa aongeze sauti ya televisheni ili jirani wasisikie. Kazi ya kuleta mabua ilikuwa ya Ami Seif, na hapo ndipo mambo yalipoharibika. Alikwenda kwenye mashamba ya zamani ya Bawshar, kule mifereji inakopita, akakuta migomba ipo lakini mwenyewe hataki ikatwe, ina mikungu michanga. Mitende lakini ilikuwa imepogolewa siku ile, makuti yamelala chungu nzima, chukua utakacho. Akachukua.

Aliyashusha uani. Alikuwa ameyachambua majani, umebaki ule upongoo wa katikati, mrefu, mgumu, mnene kwenye shina, na baadhi yake miiba haikuisha vizuri. Bua la mgomba ni maji matupu. Ukimpiga nalo mtu linapasuka, linamwachia utomvu na aibu. Upongoo wa mtende ni fimbo.

Baba akaokota mmoja, akaupima mkononi. Niliona uso wake. Alijua, na Ami Seif alijua kuwa anajua.

"Bua ni bua," Baba akasema.

"Bua ni bua," Ami Seif akajibu.

Bibi alikuwa amekaa kwenye kibao cha mbuzi ya nazi mlangoni, kanga mabegani, anaona vivuli viwili. "Haya!" akapiga makofi. Akaanza kuimba. Sitaandika alichoimba, maana wengine mnasoma mbele ya watoto, ila kilihusu makalio ya watu wa wizarani na jinsi mafundi magari wanavyokoga. Mimi na Nasra tulikuwa hoi kwa kicheko. Hata wao walicheka. Walizungukana wameshika kanzu zao, wazee wawili wana mvi za ndevu, wanagusana magotini. Lakini wahenga walisema mzaha mzaha hutumbua usaha, na walijua.

Pigo la kwanza la kweli lilimpata Baba kwenye paja. Tah! Akarudisha likampata Ami Seif mgongoni, kanzu ikachanika mstari mmoja, na mstari ukawa mwekundu. Bibi akanyamaza katikati ya wimbo. Alitega sikio.

"Hiyo si migomba," akasema. Kisha kwa nguvu: "Nini hicho mlichoshika? Hiyo si migomba!"

Ami Seif alikuwa ameanza kusema, na kila alichokisema alikitia pigo. "Hili la nguo za kuomba!" Tah. "Hili la foleni ya unga!" Tah. "Hili la kuitwa mtoto wa Mwarabu, nikapigwa mawe mpaka shuleni, na kaka sina!" Baba alikuwa anakinga uso kwa mikono, na mikono ilikuwa inavuja. Mwiba ulimchana kutoka jicho mpaka kidevu. Akanguruma, akamrukia mwenziwe, akampiga kichwani, sikio likafunguka, na damu ikachirizika shingoni ikaingia ndani ya kanzu. Sijapata kuona damu nyingi namna ile hata siku ya kuchinja. Nasra alikuwa analia bila sauti. Mimi nilimwita Mama, televisheni ikameza sauti yangu.

"Uliondoka!" Ami Seif akapiga kelele. "Nafasi ilikuwa moja, ukachagua kuondoka, hukutazama nyuma! Nilikuwa na miaka sita!"

Hapo Bibi akasimama. Aliitoa kanga mabegani akajifunga kiunoni, kibwebwe, akaenda mbele akipapasa kwa miguu, akifuata sauti zao, mpaka akawa katikati. Mikono aliiteremsha ubavuni.

"Hakuchagua," akasema. "Nilichagua mie."

"Mama, nyamaza!" Baba akamaka. Sikuwahi kumsikia akimwambia mama yake nyamaza. "Mama, tafadhali, toka hapa."

"Mjomba wenu alikuja na nafasi ya mtoto mmoja, ya kuja huku Maskati. Salim alilia anataka kubaki na we. Mie ndo nilomtia chomboni kwa nguvu. We ukiuliza kaka kenda wapi, nikakwambia kataka mwenyewe, maana ulikuwa hulali." Akageuza uso palipokuwa na pumzi za Ami Seif. "Haya, Seif."

Mkono wa Ami Seif ulikuwa juu. Nasema nilichokiona: ulikuwa juu, ukabaki juu muda, kisha ukashuka. Upongoo ulimpata Bibi baina ya bega na shingo, na mlio wake haukuwa tah. Ulikuwa mlio wa kuni. Akakaa chini polepole, mtu anavyokaa kwenye mkeka, na hakupiga ukelele. Ami Seif ndiye aliyeupiga.

Kilichofuata kilikuwa cha haraka. Mama akatoka mbio na televisheni inaimba nyuma yake. Baba na Ami Seif walimbeba Bibi pamoja, wamepishanisha mikono, na damu zao zimemwenea yeye kanga nzima. Kufika hospitali, wakasema Bibi kateleza bafuni, na wao wawili walipata ajali ndogo ya gari. Daktari aliwatazama sana, akaandika. Nyumbani nako tukapewa hadithi yetu: bua lilimponyoka Ami, bahati mbaya, mambo ya shetani. Tuliisema mara nyingi mpaka ikawa kweli. Mfupa wa bega la Bibi ulivunjika sehemu mbili na haukuunga sawa, na mkono wake wa kulia haukupanda tena juu ya kifua mpaka anakufa.

Safari tulikwenda, baridi ilipoingia. Gari moja, safu tatu. Tuliondoka baada ya Alfajiri na chai tukainywa njiani. Baba ana kovu kutoka jicho mpaka kidevu, Ami Seif ana sikio lililoshonwa, Bibi mkono kwenye kitambaa, na walinzi wa mpakani walitutazama kama familia ya majambazi. Pomboo walisimama kwa mikia. Walirusha mpira, walipunga mkono. Nasra na mimi tulipiga makofi mpaka viganja vikawaka. Bibi hakuwaona, aliwasikia tu wanavyotoa pumzi, akasema, "Aa, ndo wao," akaridhika. Baba na mdogo wake walikaa pembeni wanagombana kwa sauti ya chini kuhusu mahali pa kula, na hakuna aliyemkaba mwenziwe.

Kwa miaka mingi niliwasimulia watu habari ile kama kichekesho: mabua yaliyokosewa. Watu wakacheka, na mimi nikacheka nao. Kisha Bibi akafariki. Siku ya tatu ya matanga nilimpelekea Ami Seif kahawa, amekaa peke yake uani pale pale, mzee sasa. Hakuipokea.

"Thuweba," akaniambia, "lile bua halikuniponyoka."

Nikasema, "Ami, kunywa kahawa."

"Halikuniponyoka. Nilijua nampiga nani. Na yeye alijua. Hakusema hata siku moja kuwa liliponyoka. Waliosema ni nyie."

Nilikaa chini. Mtu una miaka thelathini, una watoto wako, unadhani utoto wako unaujua. Bibi hakuingia pale kuamua ugomvi, kumbe. Aliingia kupigwa, zamu yake ilikuwa imefika. Na Baba yangu, mwenye kibao chepesi, Baba niliyemwogopa na nyakati nyingine kumchukia, alikuwa amekubali kuchukiwa na mdogo wake maisha yake yote ili mama yao asichukiwe. Hilo halikumfanya awe mpole. Mdomo wangu uliendelea kupasuka mara kadhaa baada ya pale, na simsamehei yote. Lakini nilimlilia siku ile, naye yuko hai chumba cha pili, anasoma Yasini.

Nikakumbuka pia zile Ijumaa. Kwa kuwa mkono wa Bibi haukupanda, hakuweza tena kujisuka nywele, na hakutaka asukwe na Mama wala na sisi. Alisukwa na Ami Seif. Fundi gari, vidole vinene vina weusi wa oili usiotoka kwa sabuni, anakaa nyuma ya mama yake na kitana na chupa ya mafuta ya nazi, anagawa mistari. Alikuwa anasuka vibaya, tena anagusa nywele kwa woga. Siku moja mimi na Nasra tulijificha nyuma ya pazia kumchungulia, mwanamume na ndevu zake anasuka mikia, na Bibi akamwambia, "Vuta, Seif, vuta kwa nguvu. Usiogope mwanangu, mie siumii." Ami Seif akaweka kitana chini, akafunika uso kwa mikono yake yenye mafuta, na sisi tukatoka mbio mpaka getini, tunacheka mpaka mbavu zinauma.